Mteja Anayerudi: Nani Anaubeba Uhunzi wa Karatu na Ngorongoro

Msimu wa watalii ukifika, magari hushuka kila asubuhi kutoka Karatu kwenda Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, na ratiba yake ni ileile. Alfajiri wageni hufuatana na Wahadzabe porini. Jua likishapanda hupelekwa kwenye boma la wahunzi wa Kidatoga. Hapo watamwona kijana akikandamiza mivukuto ya ngozi ya mbuzi, kufuli bovu likiyeyuka juu ya mkaa, na bangili ya shaba ikizaliwa mbele ya macho yao. Watainunua, watapiga picha, wataondoka. Ukiuliza mjini kama uhunzi wa asili bado upo wilayani, utaelekezwa kwenye boma hilohilo.

Jibu hilo si la uongo, ila linaacha nje sehemu kubwa ya jambo lenyewe. Uhunzi ni kazi ya kumtengenezea mtu chombo atakachokitumia: kisu cha kuchunia, sime ya kiunoni, chembe cha mshale, shoka, ulimi wa plau. Bangili ni kazi nzuri, na ina historia yake ndefu kwa Wadatoga, lakini bangili haijawahi kumsaliti mtu porini. Ninavyoona mimi, kinachoubeba uhunzi mahali popote si ujuzi wa fundi peke yake. Ni mteja anayeweza kurudi kesho na kisu kilichopinda, akakitupa chini mbele ya fundi na kudai kitengenezwe upya. Mteja wa namna hiyo akitoweka, moto unaweza kuendelea kuwaka miaka mingi huku ujuzi wenyewe ukipungua. Kwa hiyo swali la uhunzi wa Karatu na Ngorongoro nalitazama kwa upande wa wateja: ni nani waliokuwepo, ni nani waliobaki, na nani wanaoweza kuja.

Ukanda huu umezoea makali tangu kale. Bonde la Oldupai, ndani ya eneo la Ngorongoro, limehifadhi zana za mawe zenye umri wa karibu miaka milioni mbili, na ni hapo mwanaakiolojia Mary Leakey alipookota fuvu la kiumbe wa kale aliyeitwa Zinjanthropus mwezi Julai 1959. Chuma kilikuja baadaye sana. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kaskazini-mashariki ya nyanda za juu za Ngorongoro, yako magofu ya Engaruka, ambako wakulima wa kati ya karne ya 15 na ya 18 walijenga mifereji na matuta ya mawe kwenye maelfu ya ekari za mashamba ya umwagiliaji. Watafiti wamekuta huko mabaki ya kuyeyushia chuma. Maana yake ni kwamba waliolima pale hawakutegemea tu chuma cha kununua mbali. Walikuwa na wateja wa majembe palepale, na penye wateja wa majembe tanuri halikosekani.

Mashariki zaidi, katika milima ya Upare, Wagweno walikusanya mchanga mweusi wenye madini ya chuma kutoka vijitoni, wakauyeyusha, wakawauzia majirani zao, wakiwemo Wachagga wa Kilimanjaro. Hapo uhunzi ulikuwa mamlaka. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu siasa za Upare, ameeleza jinsi ukoo wa Washana, ambao ni ukoo wa wahunzi, ulivyoitawala Ugweno kabla ukoo wa Wasuya haujaupindua. Anayetengeneza jembe na mkuki wa kila mtu ana kauli juu ya kila mtu.

Kwa wafugaji wa Ngorongoro mambo yalikwenda kinyume. Wamaasai wana wahunzi wao, Ilkunono, na wahunzi hao ndio waliowapa morani mikuki na sime zilizowafanya waogopwe. Hata hivyo Ilkunono walitengwa: walioana wao kwa wao, na boma lao halikuchanganyika na la wengine. A. C. Hollis, aliyeandika kuhusu Wamaasai mwaka 1905, ameeleza kwamba mtu alijipaka mafuta mkononi kabla ya kushika chombo kilichotoka mikononi mwa mhunzi. Merker, Mjerumani aliyeandika mwaka mmoja kabla yake, alipewa sababu: mhunzi hutengeneza silaha zinazomwaga damu, na damu hiyo humwandama. Wadatoga nao wana ukoo wao wa wahunzi, Wagidang'odiga, ambao vilevile huoana kwa sehemu kubwa wao kwa wao na huangaliwa kwa heshima iliyochanganyika na hofu.

Huwa napata uchungu kila ninapofikiria hesabu hii. Jamii inamhitaji mtu kuliko inavyomhitaji karibu kila mtu mwingine, kisha inamnyima binti wa kuoa. Lakini kutengwa huko kulikuwa na matokeo ambayo wachache huyataja: kuliifunga kazi ndani ya familia. Mtoto wa mhunzi hakuwa na njia nyingine, kwa hiyo alianza na mivukuto akiwa mdogo, akapanda hadi koleo, na mwisho akakabidhiwa nyundo. Leo shule na mji vimefungua njia nyingine. Hilo ni jema kwa mtoto, nami silijutii hata kidogo. Ila lazima tukubali kwamba kazi iliyorithishwa kwa kukosa mlango wa kutokea haiwezi kuendelea kwa njia hiyohiyo mlango ukishafunguka. Itabidi ipate watu wanaoichagua, na mtu huchagua kazi yenye wateja.

Malighafi nayo ina historia ya kushangaza. Tangu misafara ya pwani ilipoanza kukata nyika za Wamaasai katika karne ya 19, waya wa chuma ulikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo msafara haukuweza kwenda bila hizo. Joseph Thomson, aliyepita Umasaini mwaka 1883, alibeba mizigo ya waya kwa ajili hiyo. Wahunzi waliuchukua waya huo, wakaukunja, wakaufua ukawa kipande kimoja, na kadiri chuma cha kuja kilivyoongezeka ndivyo majani ya mikuki yalivyorefuka. Ule mkuki mrefu mwembamba ambao picha zimeufanya kuwa alama ya Umasai tangu enzi na enzi, kwa kiasi kikubwa ni tunda la biashara ya kimataifa. Kwa hiyo anayelalamika kwamba mhunzi wa leo anatumia vyuma chakavu badala ya chuma cha asili anasahau kwamba wahunzi wa hapa wana zaidi ya miaka mia ya kufanya kazi na vilivyotoka kwa wengine. Tanzania ina mlima mzima wa chuma huko Liganga, wilayani Ludewa, unaokadiriwa kuwa na tani milioni 126, na bado mhunzi wa Mang'ola anaokota misumari.

Ukimtazama akifanya kazi kwa makini, utaona kwamba kiwandani mwake kuna kazi mbili tofauti kabisa, na mgeni hawezi kuzitenganisha kwa haraka. Ya kwanza ni kusubu. Sufuria ya aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi za Selsiasi. Shaba ya njano, ile ya makufuli na koki za mabomba, huyeyuka kati ya 900 na 940. Moto wa mkaa unaopulizwa kwa viriba viwili, kimoja kikijaa wakati kingine kinatoa, hufikia joto hilo bila shida. Fundi huweka vipande kwenye chombo kidogo, husubiri uji ung'ae, huumimina kwenye kalibu yenye mfereji mwembamba, na baada ya muda mfupi ana ufito wa kupinda, kufua na kutia nakshi kwa patasi. Kazi ni ya haraka na inapendeza macho, nusu saa inatosha kuiona mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana inawafaa watalii. Ina hatari yake pia: shaba ya njano ina zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907, yaani karibu na joto lilelile la kuyeyushia. Ule moshi mweupe unaopanda si wa kuvutwa. Unaleta homa, kifua kubana na kichefuchefu jioni yake. Kijana wa mivukuto ndiye anayeuinamia kuliko wote.

Kazi ya pili ni kufua chuma, nayo haifanani na ya kwanza. Chuma huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538, na moto wa mivukuto ya ngozi haufiki huko. Kwa hiyo hapa hakuna kinachomiminwa. Chuma hulainika tu, hubadilika rangi kutoka nyekundu iliyokolea hadi ya chungwa hadi ya manjano, na mhunzi ana muda mfupi wa kukigonga kabla hakijarudi kuwa kigumu. Fuawe lake linaweza kuwa kipande cha ekseli kilichozikwa nusu ardhini, au hata jiwe. Kila pigo linasogeza chuma mahali fulani, na pigo lisilo na lengo linakiharibu. Ufundi huu hausomeki kwa nusu saa. Mtalii akioneshwa chembe cha mshale kikitokea kwenye msumari ataona mtu akigonga, basi.

Mteja wa chembe hicho yuko umbali wa mwendo wa miguu tu. Wahadzabe, ambao idadi yao ni takriban elfu moja na kidogo kuzunguka Ziwa Eyasi, huwinda kwa upinde, na mwindaji hubeba mishale ya aina mbalimbali kwa kazi mbalimbali. Kwa ndege na wanyama wadogo hutosha mti uliochongwa. Kwa mnyama mkubwa kinatakiwa chembe cha chuma, ama kipana kama jani lenye makali pande zote, ama chenye miiba ya kuzuia kisichomoke, na hicho cha miiba ndicho kinachopakwa sumu, ikiwemo ile inayopikwa kutoka kwenye utomvu wa waridi la jangwani. Wahadzabe hawakuwahi kuyeyusha chuma. Walikipata kwa majirani, kwa kubadilishana asali, ngozi na nyama, na siku hizi kwa fedha pia. Mara nyingine hununua chembe kilichokamilika kwa Mdatoga. Mara nyingine huchukua msumari na kuufua wenyewe juu ya jiwe, bila moto.

Nililifikiria sana jambo la kufua bila moto hadi nikaona akili iliyomo. Msumari wa dukani una kaboni kidogo mno. Ukiupasha moto na kuutumbukiza majini, haugeuki kuwa mgumu kama kisu kizuri kinavyogeuka, kwa sababu ugumu huo huletwa na kaboni. Lakini chuma laini kikigongwa kikiwa baridi, kinakazana chenyewe kwa ndani na kuwa kigumu kuliko kilivyokuwa. Mtu anayeufua msumari baridi kwa subira anaupa ugumu ambao moto ungeuondoa. Hakuna aliyemwandikia Mhadzabe kanuni hiyo. Aliipata kwa kupiga mshale, kuona chembe kimejikunja kwenye mfupa, na kurudi kukirekebisha.

Huyo ndiye mteja ninayemzungumzia. Chembe kikipinda, nyama inakimbia na watoto wanalala na mizizi na ubuyu. Mhunzi anajua hivyo, na mwindaji anajua kwamba mhunzi anajua. Mwindaji akirudi na chembe kilichovunjika shingoni, fundi atakigeuzageuza mkononi, ataona kama kimevunjika kwa kupigwa chembamba mno au kwa kupashwa moto kupita kiasi, na kijacho kitakuwa kinene kidogo pale pale. Hilo ndilo darasa. Likiendelea vizazi vitatu linatoa chembe ambacho huwezi kukitengeneza kwa kutazama picha.

Mtalii hana namna ya kuingia kwenye darasa hilo. Ananunua mshale wa kutundika ukutani, na wauzaji wanajua kwamba hautapigwa kamwe. Ananunua mkuki wa kufungua vipande ili uingie kwenye sanduku. Ananunua bangili, na bangili ikipasuka akiwa Munich au Toronto hatarudi Mang'ola kudai. Sisemi haya kumlaumu. Fedha yake imewaweka kiwandani vijana ambao wasingekuwepo, na ziko familia za wahunzi ambazo karo na chakula cha mwaka mzima vinatoka kwenye bangili. Wadatoga wenyewe walivaa vikuku vya shaba kabla mtalii wa kwanza hajafika, na wanawake wao, pamoja na sketi zao za ngozi, bado huvivaa. Kazi ya shaba ina wateja wake wa ndani wanaojua vikuku vizuri na vibaya. Shida ni kwamba shaba inalipa kwa dakika, chuma kinalipa kwa siku, na kijana mwenye akili atatumia muda wake pale unapolipwa. Polepole kiwanda kinageuka kuwa cha kusubu zaidi kuliko cha kufua.

Na wateja wa kweli wa chuma wanapungua kwa sababu ambazo hazihusiani na uhunzi hata kidogo. Mwindaji anahitaji pori. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati ya kimila ya ardhi yao, hatua kubwa ambayo wahunzi nao wangepaswa kuishangilia. Upande wa Mang'ola mashamba ya vitunguu yanayonyweshwa na chemchemi yamejaa, na pori limerudi nyuma. Kila ekari inayofyekwa inapunguza mishale inayoagizwa. Ngorongoro nako, tangu eneo la hifadhi lilipotangazwa mwaka 1959, sheria ndiyo inayoamua chuma gani kitahitajika. Kilimo kilipigwa marufuku 1975, kikaruhusiwa 1992, kikapigwa marufuku tena 2009. Ndani ya mpaka huo jembe halina kazi. Sime na mkuki vinabaki, pamoja na kisu cha kuchinjia na chuma cha kupigia chapa ng'ombe. Tangu 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na kila boma linaloondoka linaondoka na oda zake.

Nje ya lango la hifadhi la Lodoare hali ni nyingine. Wairaqw wa Karatu ni wakulima na wafugaji kwa pamoja, wazoefu wa kuhifadhi udongo wa mabonde yenye mteremko. Wanahitaji majembe, mashoka, minyororo ya maksai na ndimi za plau. Zamani ya karibu serikali ilitaka mahitaji hayo yatimizwe na viwanda vikubwa vya zana za kilimo: UFI ya Ubungo jijini Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China, na ZZK ya Mbeya. Jembe na nyundo vikawekwa kwenye bendera ya CCM mwaka 1977. Soko huria lilipokuja viwanda vile viliyumba, na leo rafu za maduka ya Karatu zimejaa mapanga na majembe ya kutoka nje. Panga la dukani ni rahisi na ni jepesi. Halikutengenezwa kwa ajili ya mkono wa mtu yeyote hasa, na likipoteza makali baada ya msimu mmoja mteja hana fundi wa kumrudia. Anarudi dukani kununua jingine.

Hapa ndipo fundi wa mjini anapoingia, mtu ambaye simulizi za utamaduni humruka. Pita kwenye mabanda ya kuchomelea ya Karatu utaona mageti, madirisha ya nondo, majiko ya mkaa, matela ya kokoto. Haionekani kama urithi wa mtu yeyote. Lakini utaona pia lundo la springi za magari. Barabara za Serengeti na Ngorongoro zina matuta ya vumbi yanayotikisa gari hadi mifupani, na Land Cruiser za safari huvunja springi kwa wingi. Kila springi iliyovunjika ni bapa la chuma chenye kaboni kati ya asilimia 0.5 na 0.6, kiasi kinachofaa sana kwa sime, panga na shoka. Utalii huohuo uliomgeuza mhunzi wa Mang'ola kuwa msubu wa bangili unamwaga kila wiki, katika gereji za Karatu, malighafi bora ya visu kuliko iliyowahi kufika katika ukanda huu.

Kinachokosekana ni nusu ya pili ya kazi. Mafundi wengi huikata springi kwa grenda, huichonga umbo la sime, huinoa na kuifunga mpini. Inang'aa. Lakini ukingo mwembamba ukiguswa na jiwe la grenda kwa sekunde chache tu hupata rangi ya bluu, na bluu hiyo inasema joto limeshafika nyuzijoto 300 hivi, na likizidi kupanda ugumu unatoka. Mteja ataondoka na sime yenye sura ya sime na makali ya kijiko. Fundi wa zamani, asiye na umeme wala grenda, alikuwa na faida moja: alilazimika kufua, na kufua kulimlazimu ajue moto.

Kazi yenyewe haihitaji mashine ya gharama. Baada ya kufua na kuchonga kwa tupa, sime hurudishwa motoni taratibu hadi iache kushikwa na sumaku, jambo linalotokea karibu na nyuzijoto 770. Sumaku ya spika iliyokufa, ikifungwa kwenye waya, inatosha kupimia. Inaongezwa moto kidogo tu, kisha inatumbukizwa ikiwa wima kwenye mafuta, hata oili chafu ya injini iliyopashwa kidogo, kwa sababu maji baridi hukipasua chuma cha springi. Ikitoka ni ngumu kama kioo na inaweza kuvunjika kama kioo. Hapo ndipo subira inapohitajika. Fundi hung'arisha ubavu kwa msasa, huweka mgongo wa sime juu ya kipande cha chuma chenye moto, na kutazama rangi zikitembea: manjano ya nyasi kavu, kahawia, zambarau, bluu. Mgongo ukifika bluu huku makali yakiwa kahawia, anaitoa. Mgongo utastahimili kupindwa, makali yatashika. Akichelewa kwa muda wa kupiga chafya, anaanza upya.

Nchini Marekani mafundi visu walipoona kazi hii inawapotea waliunda chama chao, American Bladesmith Society, mwaka 1976, na wakatunga mtihani. Kisu cha mtahiniwa lazima kikate kamba inayoning'inia kwa pigo moja, kikate ubao mara mbili, kisha bado kiweze kunyoa nywele, na mwisho kibanwe na kupindwa hadi nyuzi 90 bila kuvunjika. Nadhani wao walilazimika kutunga mtihani kwa sababu wateja wao wengi walikuwa wakusanyaji wa visu vya kabatini. Huku kwetu mtihani ulikuwa swala na kuni. Upande mwingine, Oman ilifanikiwa mwaka 2022 kuingiza ufundi wa jambia zake katika orodha ya urithi ya UNESCO. Naiheshimu hatua hiyo, ila jambia ya Oman inaishi kwa sababu mwanamume wa Muscat bado anaivaa arusini na fundi wake anajua babu yake alivaa ipi. Orodha ilikuja juu ya mteja aliyekuwepo tayari. Tukiomba orodha kwanza, kabla ya kumpata mteja, tutapata cheti cha kutundika kwenye boma la maonesho.

Kwa hiyo ningeanza na wateja walioko karibu zaidi kuliko wanavyodhaniwa. Karatu imezungukwa na hoteli na kambi za kitalii, na kila jiko lina visu kumi au ishirini vilivyotoka nje ya nchi, vinavyonolewa vibaya na kutupwa. Mpishi wa hoteli ni mteja wa aina bora kabisa: anakitumia kisu saa kumi kwa siku, ana kiburi cha kazi yake, na fundi yuko mtaa wa pili. Kisu kikimuudhi Jumatatu, Jumanne atakuwa bandani akisema, "Fundi, hiki hakishiki makali." Hoteli hizohizo zinaagiza bawaba, taa, meko na mashikio ya milango kutoka mbali huku zikiwaambia wageni kwamba zinaunga mkono utamaduni wa wenyeji. Oda moja ya vyumba thelathini ingemfunza kijana zaidi ya bangili elfu moja.

Wachinjaji wa mabuchani ni wengine. Wakulima wa kahawa wa Oldeani, wanaohitaji visu vya kupogolea vyenye ncha iliyopinda kwa pembe wanayoitaka wao, ni wengine. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa kazi hasa ya viwanda vidogo, na VETA, inayofundisha kuchomelea nchi nzima, zingeweza kuongeza wiki chache za moto na mafuta kwenye masomo yao, na kumwalika mhunzi wa Kidatoga kuwa mwalimu wa nyundo badala ya kuwa kivutio. Fundi wa Karatu ana umeme, chuma kizuri na wateja wa mjini. Mhunzi wa Mang'ola ana jicho la kusoma rangi ya moto na mkono unaojua pigo. Wanatenganishwa na barabara ya vumbi na, nasikitika kusema, na dharau ya pande zote mbili: huyu humwona yule mshamba, yule humwona huyu mkata mabati.

Na kila chombo kiwe na alama. Wahunzi wengi wa hapa hawaweki chochote kwenye kazi yao, kwa sababu zamani kila mteja alimjua fundi wake kwa sura. Mji umekua, sime inauzwa mnadani na kupita mikono mitatu kabla ya kufika kiunoni. Alama inapigwa kwa patasi chuma kikiwa bado chekundu, kabla ya kutiwa ugumu, karibu na mpini ambako makali hayafiki: mistari miwili na nukta, herufi ya ukoo, chochote ambacho jirani hatakiiga. Anayeinunua sime mnadani akiona inashika makali ataulizia alama hiyo ni ya nani, na ikimvunjikia atajua ampelekee nani vipande.